Mita sitini za kijito: kisa cha Moshi na mabishano yake

Kisa chenyewe ni hiki. Kando ya kijito kimoja kinachomwaga maji mto Rau, mjini Moshi, wenye nyumba na wenye shughuli za ukingoni walipewa notisi ya kuondoka ndani ya mita sitini, na kuta za baadhi yao zikapigwa X nyekundu. Walioguswa walikuwa wa aina nne. Kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, kinamama wanaolima mboga kwenye matuta yanayogusana na maji, vijana wa kuosha magari na bodaboda, na mzee anayefuga nguruwe na ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Mkutano wa mtaa ukaitishwa, ukavunjika, ukaitishwa tena. Mimi nilikuwa upande wa kamati ya mazingira ya mtaa, kazi yangu kuandika muhtasari. Mtaa siutaji wala ofisi iliyotoa notisi siitaji, na mambo mawili matatu nimeyachota mtaa wa jirani wenye mgogoro uleule, ili mtu asije akatafutwa kwa alama za ukuta wake.

Naandika kwa sababu mabishano yale yalionyesha jambo ambalo notisi haikuligusa: tulikuwa tunapima umbali wa mtu na maji, badala ya kupima anachokiingiza humo.

Kijito na watu wake

Mtu asiyeijua Moshi hudhani mito yetu ni mikubwa. Mingi ya mjini unaivuka kwa daraja bila kugeuza shingo. Rau, Njoro na Karanga ni maji ya Kilimanjaro yaliyopita vihambani, yale mashamba ya ukoo ya mlimani, yakagawanywa na mifongo, mifereji ya asili ya Wachagga ya kumwagilia, yakafika mjini yamepungua. Kijito chetu ni kidogo kuliko hiyo yote. Kiangazi mtoto anakiruka. Masika kinageuka kuwa kitu kingine kabisa, na waliokuwapo wakati wa mafuriko ya mvua za 2024 hawahitaji kuelezwa.

Kutoka kwetu maji yanaingia Rau, yanapita karibu na msitu wa Rau, yanafika kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, na mwisho wa yote yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani mto Pangani unaanza safari ya kuelekea Bahari ya Hindi, na njiani unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68. Kwa hiyo udongo unaomeguka kwenye tuta la mchicha Moshi si habari ya mtaa peke yake. Unakwenda kukaa chini ya bwawa ambalo watu wa Tanga nao wanalitegemea.

Mjini kwenyewe tumekuwa wengi. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Moshi na zaidi ya watu laki mbili, nyumba nyingi zikitumia vyoo vya shimo au chemba zisizounganishwa na bomba la majitaka. Ardhi imekwisha, na anayetafuta pa kuanzia maisha anateremka kwenye kingo, kwa kuwa ndiko kulikobaki bei ya chini na maji ya bure.

Sheria inasema nini hasa

Mkutanoni kila mtu alitamka "sheria ya mita sitini" kana kwamba ni mstari mmoja uliochorwa na mkono mmoja. Ziko sheria tatu zinazokutana ukingoni, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Humo ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto imetajwa miongoni mwa ardhi hatarishi, pamoja na mikoko, ardhioevu na miteremko mikali. Wengi hawajui sehemu inayofuata. Kuitangaza ardhi kuwa hatarishi kuna utaratibu, na ndani ya utaratibu huo wanaoikalia hujulishwa na kupewa nafasi ya kusema. Ramani ya ukutani haitoshi.

Ya pili ndiyo iliyonukuliwa kwenye notisi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Kifungu kinakataza, ndani ya mita sitini, shughuli za kibinadamu zenye asili ya kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Hapo kuna mambo mawili. Nyumba inaingia kwa sababu ya kudumu. Tuta la mchicha haliingii kwa hilo, maana leo lipo na kesho limepandwa kitu kingine au limeachwa, lakini linaweza kuingia kwa sababu ya pili likimomonyoa ukingo au likipeleka dawa majini. Kifungu hichohicho kinampa waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika ndani ya eneo hilo. Yaani mtunga sheria alijua kwamba mita sitini hazitakaa tupu, akaacha mlango. Notisi tuliyoletewa iliandikwa kana kwamba mlango huo haupo.

Ya tatu ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Hii ndiyo inayotaka kibali kwa anayechepusha maji na kibali kwa anayetiririsha majitaka mtoni, na ndiyo inayozitambua jumuiya za watumia maji. Mwenye kazi hiyo kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na makao yake yako hapahapa Moshi. Vibali vyake haviulizi umekaa umbali gani. Vinauliza umetoa nini, umeingiza nini.

Katika mkutano wa kwanza sheria hii haikutajwa hata mara moja.

Walichosema

Mwalimu alikuja na bahasha. Ndani yake kulikuwa na ofa ya kiwanja, ramani ya upimaji, na stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka mingi. Nyumba yake ilijengwa kabla ya 2004, na kwa kufuata bikoni alizowekewa na wapimaji wa serikali yenyewe. Alikuwa mtulivu mno, utulivu wa mtu aliyekwisha kusahihisha madaftari mengi mabovu maishani mwake. Hoja yake ilikuwa fupi: "Mlinipimia, mkanitoza kodi, leo mnaniita mvamizi. Nani kati yetu alikosea kipimo?" Afisa aliyekuja kuelezea notisi alijibu kwamba mto una mita zake na hauangalii hati ya mtu. Jibu lile lilipigiwa makofi na watu wachache, na nilipoangalia walikuwa ni wale wasiokaa ukingoni.

Kinamama wa mboga walizungumza kwa mdomo wa mmoja wao, bibi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Yeye hakupinga sheria. Alisema wao ndio wanaokesha na kijito. Usiku gari likija kumwaga taka wao ndio wanaopiga kelele. Akauliza wakiondolewa, ukingo utalindwa na nani, kibao? Mchicha, mnafu, figiri na sukuma zinazopikwa jioni mjini zinatoka kwenye matuta kama hayo, na fedha yake ndiyo ada na daftari. Kijana mmoja wa afya akamkatiza, shikamoo ikitangulia, akamwambia kwamba mboga za maji yale ndizo zinazoleta minyoo na homa ya matumbo. Bibi akamjibu marahaba mwanangu, na kwamba maji machafu hawakuyatengeneza wao. Wote wawili walikuwa na haki, jambo lililoufanya mkutano uwe mgumu.

Vijana wa kuosha magari walikuja wakiwa wamejipanga kubishana, lakini hoja zao zilikuwa nyepesi. Walisema wamejiajiri, hawaibi. Kweli. Hawakuwa na jibu walipoulizwa sabuni na oili inakwenda wapi.

Mzee wa nguruwe hakusema kitu mkutano mzima. Bomba la banda lake kila mtu anaijua njia yake.

Halafu akasimama mtu ambaye hakualikwa, mkulima wa mpunga kutoka upande wa Mabogini, aliyekuja kumtembelea shemeji yake akasikia kipaza sauti. Alisema sisi tunagombania mita sitini zetu, lakini majalubani kwake hakuna anayejua mita. Wanachokiona ni chupa, pampasi, na maji yenye rangi ya upinde juu yake. Wanaingia humo miguu mitupu, na kichocho ukanda ule si hadithi. Kisha akatamka neno lililowakera wote, X na wasio na X: kwamba kwao wa chini, mji mzima ni ukingo.

Mwenyekiti wa mtaa akafunga mkutano kwa sababu ya giza. Nadhani pia kwa sababu alikuwa hajui ajibu nini.

Tulipopanda na kijito

Kabla ya mkutano wa pili, kamati ilikubaliana kupita kijito kwa miguu, kuanzia kalavati la barabara hadi juu ya eneo la X, pamoja na mwakilishi wa kila upande. Wazo lilikuwa la bibi wa kwaya. Ningependa kusema lilikuwa la kamati.

Kwa mwalimu hatukuona kitu kinachoingia majini. Chemba yake iko upande wa barabara, nyuma ya nyumba kuna migomba, magimbi na mringaringa mkubwa ulioshika ukingo kwa mizizi yake. Ukingo wake ulikuwa mzima kuliko wote. Kwa kinamama ukingo ulikuwa unameguka. Matuta yamelimwa hadi mstari wa maji, na kila mvua inaondoka na tuta la mwisho. Tuliokota vikopo vya dawa vilivyotupwa hapohapo. Kwa waosha magari udongo ulikuwa mweusi na hauoti hata ndago. Bandani kwa mzee, bomba lilikuwa linatiririka bila haya.

Hayo tuliyatarajia. Tulipopita eneo la X ndipo tukafika kwenye mdomo wa mtaro wa mvua unaoshuka kutoka upande wa soko na gereji. Ilikuwa siku ya jua kali, mvua haijanyesha, na mtaro ulikuwa unatoa maji. Maji ya kijivu, yenye mafuta, yenye mabaki ya nyanya na kabichi na mifuko ya sandarusi iliyochanika. Mkazi wa jirani akatuambia mambo ya masika: mvua ikikolea, wapo wanaofungua mabomba ya chemba zao yaende na maji. Harufu ya siku hizo haina mjadala.

Gereji ziko mbali na kijito. Ukizipima kwa futi kamba, ziko mamia ya mita nje ya mita sitini. Lakini mtaro umezifanya ziwe ukingoni, kwa sababu oili ikimwagika kule, mvua inaifikisha mtoni bila kugusa majani yanayochuja wala udongo wa kuinywa. Nyumba ya mwalimu iko hatua ishirini na kitu kutoka majini na haiingizi kitu. Kipimo cha notisi kilimkamata asiye na dhara na kikampita mwenye dhara. Hapo ndipo mzee wa nguruwe alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema basi na mtaro nao upigwe X.

Watu walicheka. Lakini swali lilikuwa zito. Nani mwenye mtaro? Barabara ina mwenyewe, soko lina mwenyewe, usafi una mwenyewe, maji ya mto yana mwenyewe. Mtaro unapita kati ya wote hao kama mtoto wa ndugu wa mbali, kila nyumba ikidhani amekwisha kula kwa jirani.

Hoja ya mstari mnyoofu

Sitaki kuidharau hoja ya waliotaka wote waondolewe bila ubaguzi. Aliyeieleza vizuri zaidi alikuwa mwanasheria kijana, mtoto wa mtaa, aliyehudhuria mkutano wa pili. Alisema mita sitini ni kipimo kibovu lakini ni kipimo. Mgambo mwenye futi kamba anaweza kuhojiwa na mtu yeyote mwenye futi kamba nyingine. Ukimwambia afisa aamue nani anadhuru na nani hadhuru, umempa mlango wa kupokea bahasha, na bahasha ya mwenye hoteli itakuwa nene kuliko ya mama wa mchicha. Mstari mnyoofu unamlinda mnyonge kuliko busara ya mkubwa.

Ni hoja nzito, na kwa nchi yetu ina ushahidi. Lakini ina mashimo mawili. La kwanza, mstari wenyewe haupigwi popote ulipo. Hesabu ni rahisi: kilomita moja ya kijito, mita sitini kila upande, ni hekta 12, karibu ekari 30. Kihamba cha kawaida mlimani hakifiki hekta moja. Huko juu, ambako migongo ya milima ni myembamba na makorongo yako kila upande, ukiupiga mstari huo kwa unyoofu utafuta vitongoji vizima, na ukiuhesabu mfongo nao kuwa mto hakuna Mchagga atakayebaki kwake. Kila mtu analijua hilo, wenye futi kamba wakiwa wa kwanza. Kwa hiyo wanachagua wapi pa kupima. Na kuchagua ni kulekule kwenye bahasha, tofauti ni kwamba safari hii hakuna anayelazimika kutoa sababu.

Shimo la pili ni kwamba bomoabomoa haimalizi kazi. Desemba 2015 Dar es Salaam ilishuhudia nyumba za bonde la Msimbazi zikivunjwa, kilio kikasikika nchi nzima, na kesi zikafunguliwa. Mto Msimbazi haukuwa msafi kwa sababu hiyo. Uliendelea kupokea majitaka na taka za jiji kutoka juu, ambako hapakuwa na nyumba ya kuvunjwa.

Linganisha na viroba. Wanaokumbuka mitaro ya Moshi na Arusha kabla ya 2017 wanakumbuka vile vipakiti vya pombe vilivyojaa kila kona. Tarehe 1 Machi 2017 vikapigwa marufuku. Mifuko ya plastiki ya kubebea ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Malalamiko yalikuwapo, hasara zilikuwapo, na hadi leo vifungashio vya plastiki laini vinatumika kinyemela kama mifuko. Lakini tofauti kwenye vijito ilionekana kwa macho. Sababu, kwa maoni yangu, si ukali. Ni kwamba sheria zile zilisimama kwenye milango michache, kiwandani, mpakani na dukani, hazikujaribu kumfukuza kila mnywaji kwenye kila ukingo.

Na hoja ya mfongo

Wazee wawili walitaka serikali ikae kando kabisa. Walikumbusha kwamba mifongo ilikuwa na sheria zake kabla ya waziri yeyote. Mfongo ulikuwa na ukoo uliouchimba, zamu za maji, siku za kuuzibua, na adhabu kwa asiyetokea na jembe. Maji yalifika hadi kwa mjane wa mwisho, na hakuna aliyesomewa kifungu.

Nawaheshimu wazee wangu, ila kuna kitu kimoja hawakukisema. Mfongo ulitiiwa kwa sababu anayeuchafua ni yuleyule anayesubiri zamu yake, na akikaidi anafungiwa maji. Kijito chetu cha mjini hakuna anayekinywa. Mwenye gereji anapata maji yake ya bomba, na hata kijito kikifa leo hakuna zamu anayoikosa. Anayeumia yuko Mabogini, na Mabogini hawawezi kumfungia kitu. Ukiwa na mtu wa juu anayechafua na mtu wa chini anayeumia, wasiokutana hata msibani, lazima awepo wa tatu mwenye mamlaka juu ya wote wawili. Ndiyo maana bonde lina bodi. Kwa hiyo siungi mkono serikali ikae kando. Ninataka ije, lakini ianzie pale penye maji meusi.

Na ije na ushahidi unaoaminika. Machi 2022 samaki walikufa mto Mara, maji yakageuka rangi, na kamati iliyoundwa na waziri mwenye dhamana ya mazingira ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Inawezekana kabisa kitaalamu. Samadi nyingi majini inakula oksijeni na samaki wanakosa pumzi. Lakini watu wengi hawakuamini, kwa sababu waliosikia hawakushirikishwa kupima. Mkutanoni kwetu afisa alipotamka neno "samadi" kuhusu matuta ya kinamama, mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mara tena!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na pale tukampoteza afisa aliyekuwa anasema kweli.

Ningeamuaje

Kwa mwalimu, X ifutwe kwa sasa. Kama serikali inaona ardhi ile ni hatari kwa uhai, na baada ya 2024 hilo si wazo la kipuuzi, ifuate Sheria ya Ardhi mpaka mwisho: notisi kamili, kumsikiliza, na fidia kwa aliyepimiwa na serikali hiyohiyo. Asiruhusiwe kuongeza hata choo upande wa kijito. Kumhamisha kwa rangi ya kopo ni uonevu, na ni mfano mbaya kwa wenye hati wengine watakaojifunza kwamba karatasi ya serikali haina uzito.

Waosha magari waondoke. Hapa sina maneno mengi. Shughuli yao haihitaji mto, inahitaji maji na sakafu yenye shimo la kunasa mafuta, na vyote hivyo vinapatikana kwenye kituo cha barabarani.

Kinamama ndio wenye mjadala mtamu, na ndio niliobishana nao zaidi. Wabaki, lakini wasilime hadi majini. Kamati ilipendekeza mita kumi za mwanzo zisiguswe jembe, zipandwe mabingobingo, mianzi na miringaringa. Mikaratusi hapana, inakunywa kuliko mnywa mbege wa Krismasi. Mabingobingo yana uzuri wake: yanashika udongo, yanachuja maji yanayoteremka kutoka kwenye matuta, na Moshi yana soko, kwa kuwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani wananunua majani kwa mzigo kila siku. Ukingo unakuwa na mwenye haja nao. Dawa zipigwe mbali na mstari huo, vikopo vikusanywe, na maji ya kumwagilia yachukuliwe kwa kibali kupitia jumuiya, hata kama ni ndoo. Bibi alikubali yote isipokuwa upana. Alitaka mita tano. Tulipomwonyesha alipopotezea tuta la mwaka uliopita, akasema mita saba.

Wazo la kuweka mpaka kwa nguzo za zege lilikataliwa na kinamama wenyewe. Wakasema zege linang'olewa usiku, bali isale hakuna atakayeling'oa. Kwa asiyejua, isale kwa Wachagga ni mmea wa mpaka na wa kuombea msamaha. Kuling'oa la mwenzako ni ugomvi wa ukoo. Afisa hakuwa Mchagga, ikabidi aelezwe, na ninakiri nilifurahi kumwona akiandika neno hilo kwenye shajara yake ya kazi chini ya kichwa "alama za mipaka".

Mzee wa nguruwe apewe amri ya kurejesha mazingira, ambayo sheria ya 2004 inaijua, pamoja na muda wa kuchimba shimo la samadi na kuliziba bomba. Samadi hiyo kinamama wanaihitaji upande wa pili wa uzio. Nashangaa ilihitaji mkutano.

Kuhusu mtaro, sheria ya 2004 ina kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na haisemi isipokuwa akiwa ni taasisi ya umma. Mahakama zetu zililiona hilo mapema: mwaka 1988 Mahakama Kuu, kwa Jaji Lugakingira, iliamua upande wa mkazi wa Tabata dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kuhusu dampo lililokuwa likiwavutisha watu moshi, ikihusisha uchafuzi na haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Ikiwa jiji liliweza kuambiwa hivyo kuhusu dampo, mtaro wetu nao unaweza kusimama mbele ya kifungu. Ningeanza kwa kutaka kibali cha kutiririsha majitaka kionyeshwe. Kama hakipo, mtaro unatiririsha bila kibali kama bomba la mzee, tofauti ni kwamba wa mzee ni wa nguruwe wanne.

Kilichofuata

Mkutano wa pili haukumaliza kila kitu, lakini uliandika barua moja yenye sahihi za pande zote nne, ya mzee ikiwemo. Ofisi iliyotoa notisi iliongeza muda. Vijana wa kuosha magari wamehamia kwenye kiwanja cha kituo cha mafuta, wawili wao wakilalamika kodi ni kubwa. Bomba la banda limezibwa. Mabingobingo yamepandwa kwa upana wa mita nane, maelewano ambayo kila upande unadai ni yake, na masale yamesimama mwisho wa mstari. Nyumba ya mwalimu ina X bado. Aliipaka chokaa, ikapigwa upya, na sasa shauri lake liko kwa watu wa ardhi, ambako anakwenda kila wiki na bahasha ileile.

Barua kuhusu mtaro ilijibiwa kwamba imepokelewa na imepelekwa kwa wahusika. Kamati imeandika nyingine, safari hii imeambatisha picha za siku ya mvua, imetaja vifungu, na nakala imekwenda bodi ya bonde. Mkulima wa Mabogini aliomba jina lake liongezwe kwenye sahihi. Mtendaji alisita kwa kuwa si mkazi wa mtaa, kisha akamsogezea kalamu.